Nusu ya Yai

Mama mkwe wangu alikuwa nesi wa wodi miaka thelathini na mmoja, na mgonjwa wa kumdanganya alikuwa hajazaliwa. Ukificha mkate chini ya mto, anaunusa akiwa mlangoni. Ndiyo maana daktari wa wanyama aliposema huenda mbwa wetu, Bosi, ana aleji ya chakula, kazi ya ulinzi tulimpa yeye.

Bosi alikuwa amejikuna hadi tumbo likabaki ngozi tupu. Tuliambiwa ni viroboto, tukamwogesha dawa. Tukaambiwa ni fangasi, akachomwa sindano. Wapi! Daktari huyu akatupa jaribio: wiki nane, samaki na viazi vitamu, basi. Asilambe kingine chochote. Mama mkwe akabandika karatasi jikoni, akawa anatia sahihi kila mlo.

"Na wewe usimtupie makombo," akanionya. "Nakujua kwa huruma zako za kijinga."

Nikaitikia, "Ndiyo, Mama." Mkwe ni mkwe.

Wiki ya saba Bosi alikuwa anatoka damu kwa kujikuna. Daktari akasema kama si chakula, kimebaki kidonge cha kila siku, na figo zake hazitakihimili. Mume wangu akainamisha kichwa. "Basi tumpumzishe. Anateseka mno." Ikapangwa Ijumaa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimeshatoka kwenda kazini, nikarudi kuchukua funguo. Mlango wa mama mkwe ulikuwa wazi. Amekaa kitandani na yai la kuchemsha: nusu anatafuna yeye, nusu anatafuna Bosi.

Lo, salale! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Mama! Ni wewe?"

Hakukana. "Kila asubuhi, tangu baba yenu afariki. Kiyai tu, mwanangu. Nilidhani si kitu."

"Kesho anauawa, Mama!" Nilimfokea, mimi, mama mkwe wangu mzima!

Akapangusa makombo ya yai kwenye shuka. "Sasa ningekula na nani? Nyinyi chai mnakunywa mmesimama."

Alinyanyuka, akaenda jikoni, akazikata sahihi zake zote kwa kalamu, moja baada ya nyingine. Kisha akampigia daktari simu mwenyewe.

Baada ya mwezi bila yai, manyoya yalianza kuota. Siku hizi chai nakunywa nimekaa, kando ya mama mkwe. Juzi nilimuuliza kama nimchemshie yai lake peke yake.

"La nini?" akasema. "Nile huku Bosi ananitazama?"