Karani wa Nguo Zinazorudishwa

Katika duka moja la nguo mjini Kitale, mteja anaruhusiwa kurudisha nguo ndani ya siku saba, mradi hajaivaa. Karani anayezipokea huikunjua kila nguo polepole, hunusa kola, kisha hutia mkono katika kila mfuko. Jumatatu, mzee kutoka Kimilili alimletea koti jeusi.

“Ilinibana, mama,” alisema akitazama sakafu.

Mfukoni karani alipata ratiba ya mazishi ya Jumamosi, yenye picha ya bibi mmoja anayecheka.

“Si ameivalia matanga huyo, bana,” mtu alinong'ona nyuma yangu kwenye foleni.

Karani aliipangusa picha kwa kiganja, akamrudishia mzee kwa mikono miwili.

“Hii ni yako, baba. Pole sana. Koti nimeandika ilikubana.”