Mpira Ndani ya Pipa la Dawa

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa jirani yangu hapa Ugweno, tukisubiri maji ya mgawo. Alipofungua bomba yalitoka kidogo, meupe kama maziwa, yananuka dawa ya kuulia wadudu wa kahawa. Mwanawe wa miaka minne alikuwa ameshakinga kikombe. Mama alikipiga kwa kiganja kikaangukia migombani.

"Umekunywa?"

Mtoto akatikisa kichwa. Mama akamnusa mdomo, akamnusa tena.

Tulipanda hadi kwa mzee anayetumia laini hiyo hiyo ya maji juu yetu. Alikaa kando ya pipa la dawa ya kunyunyizia kahawa, limebaki nusu. Mpira wa bombani ulikuwa umezama ndani, bomba liko wazi.

"Shikamoo baba. Hiyo dawa ilikuwa nusu pipa?" jirani yangu akauliza.

"Marahaba. Lilikaribia kujaa. Maji yakakatika, nikaacha mpira humo, yakirudi yaendelee." Akachungulia. "Nilidhani linavuja."

"Halivuji, baba. Maji yamekatika, tumefungua bomba kule chini, limeifyonza dawa kupitia mpira wako. Mjukuu wako nusura ainywe."

Mzee aliuchomoa mpira, akafunga bomba, akashuka mlima bila viatu, akigonga kila mlango: "Msinywe maji ya bomba. Ni mimi."

Sote tunauzamisha mpira hivyo, tukihofia mgawo utatupita. Mdomo wa mpira ukae juu ya pipa, usiguse kilichomo. Hilo halihitaji fundi. Nilimlaumu mzee njia nzima. Nilipofika kwangu, mpira wangu ulikuwa umelala kwenye beseni la nepi.