Mvumo Dume wa Teopista

Buhehe nzima ilijua kwamba Mangeni alifia vitani, isipokuwa mkewe, Teopista. Serikali ilimchukua na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wakapigane Burma. Wenzake waliporudi na makoti yao mazito, yeye hakuonekana, wala habari yake. Kwetu mtu aliyepotea hivyo huzikwa hata kama mwili haupo: shina la mgomba hufungwa blanketi, likalazwa kaburini badala yake, watu wakalia, mambo yakaisha. Odwori, ndugu wa Mangeni, alikuja na jembe begani achimbe. Teopista akamfukuza.

Sababu yake ilikuwa mti. Mwaka aliomwoa, Mangeni alipanda mbegu ya mvumo, mti wa jamii ya mnazi, nyuma ya jiko, akamwambia mkewe kwamba tunda la kwanza watalila wawili. Basi Teopista akaapa mbele ya ukoo: "Mti huu ukizaa naye hajarudi, mzikeni. Kabla ya hapo, mtu asiguse ardhi yangu."

Wakakubali, wajinga wale. Mvumo hauna haraka. Hukaa miaka thelathini ndipo uchanue, na mpaka siku hiyo hakuna ajuaye kama ni dume au jike. Mwanzoni walimwambia subira huvuta heri. Baadaye wakachoka kusema. Mimi nilipoolewa na mwana wa Odwori, mwaka wa Uhuru, nilimkuta mama huyo tayari ana mvi, anafagia chini ya mti ule kila asubuhi kisha anainua uso kuutazama. Nilidhani anaangalia mvua.

Wanawake wa bonde letu tuliishi kwa mvumo miezi ile ambayo mtama umekwisha na mpya haujakomaa. Hatukupanda juu kuangusha matunda. Tuliyangoja yaanguke yenyewe, tukayaokota kungali na umande, mengine tukayapeleka sokoni Busia. Mbegu tulizifukia, baadhi tulizichimba zikishaota tukachemsha machipukizi yake, na nyingine tukaziacha ziwe miti. Na sheria moja ilikuwa kubwa kuliko zote: mvumo jike haukatwi. Hata mlevi aliiheshimu. Mtu akitaka boriti ambayo mchwa hawaiwezi, akate dume, kwani dume linamzalia nani?

Basi madume yakakatwa. Daraja likapata boriti, shule ikapata, ghala la pamba likapata. Obbo, fundi wa kupasua mbao kutoka Iyolwa, alinenepa kwa miti yetu. Majike tukayaacha yamesimama kwa heshima zote, nayo yakaanza kutunyima: matunda machache, tena mengi yakidondoka mabichi, madogo kama ndimu. Tulilaumu mvua, tukamlaumu mwanamke mmoja wa ng'ambo ya kijito, tukafunga na kuomba kanisani. Tulilaumu kila kitu ila shoka.

Mwaka 1964 mvumo wa Teopista ukachanua. Nilimsikia akiniita, nikakimbia nikidhani nyoka. Alikuwa ameshika shina kwa mikono miwili. Juu kulikuwa na mikia mirefu ya kahawia inayoning'inia, imejaa nyuki.

"Dume," akasema.

Akaketi chini palepale. Miaka yote ile alikuwa anangoja tunda la kula na mumewe, na Mangeni alikuwa amempandia mti usiozaa.

Odwori hakukawia, naye Obbo akamfuata na msumeno nyuma ya baiskeli.

"Mama, hii muti ni mwanaume," Obbo akasema. "Hata siku moja haiwezi zaa. Mimi nakata, kanisa napata mbao."

"Shemeji, imetosha," Odwori akasema kwa upole. "Mti hautazaa. Turuhusu tumzike ndugu yangu."

Teopista akajifuta macho. "Nilisema ukizaa. Umezaa?"

Obbo akaufunga tena msumeno wake kwenye baiskeli. Mimi nilicheka mpaka mkwe wangu akanikemea. Lakini jioni kicheko kiliniisha, maana nilielewa kwamba sasa angemngoja mtu yule mpaka kaburini. Nilitamani kumshika mabega nimtikise.

Mti haukukatwa. Msimu uliofuata tulishuka bondeni asubuhi tukakuta matunda yamelala kwenye nyasi, makubwa, mekundu, yananukia. Mengine yakaanguka tukiwa pale, puu, puu, tukakimbia huku na huku tukipiga vigelegele. Karibu na kwa Teopista kila jike lilikuwa limejaa. Ukisogea mbali, yalipungua. Ukivuka kona ya kijito hukukuta kitu. Hakuna aliyetufundisha; tulisimama tukaangalia huku, tukaangalia kule. Obbo mwenyewe alishika kichwa.

"Kumbe sisi tulikuwa nakata bwana yao!"

Tangu siku hiyo madume nayo yakawa na sheria yake.

Nilimpelekea Teopista tunda zuri kuliko yote. "Mama, tumepona! Mti wako umetuokoa."

Alilipokea, akalinusa.

"Basi umezaa," akasema.

Nikaelewa alikokuwa anaelekea. "Hapana, Mama. Haya ni ya miti mingine. Wako ni dume, umesema mwenyewe. Hakuna anayekudai."

"Matunda haya ni ya nani kama si ya mti wa Mangeni?" akasema. "Niliapa. Mwite Odwori aje na jembe."

Walichimba kesho yake, kando ya nyumba. Shina la mgomba likafungwa blanketi jipya, likateremshwa. Watu walikuwa tayari kulia lakini wote walimngoja yeye. Teopista alikaa ukingoni mwa kaburi, akapasua lile tunda, akafyonza nyama yake taratibu mpaka maji ya njano yakamtiririka mikononi. Nusu aliibakiza. Akainyoosha juu ya shimo, akaita, "Mangeni!" mara moja tu, kwa sauti ile ile ambayo mke humwitia mumewe aje ale chakula kingali moto.