Hapana ya Kwanza

Kazi yangu ilikuwa kuwashauri walimu wa somo la Kijapani katika shule za huku kwetu, kutoka Kwale mlimani hadi Msambweni. Watu wakisikia hucheka. "Kijapani? Nani asemaye Kijapani Msambweni?" Huwajibu kwa ukali, maana nimechoka: wapo watoto wanaokisema, tena vizuri kuliko mnavyosema nyinyi hicho Kiingereza chenu cha hotelini. Nilikuwa naingia darasani, nakaa nyuma, nasikiliza, kisha nazungumza na mwalimu faraghani. Ndiyo kazi yenyewe.

Mmoja wa walimu wangu alikuwa Mdigo wa Msambweni, mtu mzima wa umri wa baba yangu. Kijapani alikiokota Diani akiwatembeza wageni wa Japani, na hoteli iliyomwajiri ilipofungwa akaingia ualimu. Hebu fikiria: mshauri ni mimi, na kila nikifika lazima nianze na shikamoo. Ukishatoa shikamoo utamkosoaje mtu? Basi makosa yake niliyasimulia kama makosa ya mwalimu mwingine, wa shule ya mbali, ambaye hakuwepo duniani. Mzee alimsikitikia sana huyo mwenzake. "Maskini, hajui hata kuwapa watoto nafasi ya kufikiri!" Nikirudi safari nyingine, nakuta kosa limekwisha. Tulielewana hivyo kwa miaka.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo huyo mwalimu wa mbali hakuweza kutubebea. Masikio ya mzee yalikuwa yanakufa. Nilitambua pale alipoacha kuwauliza wanafunzi mmoja mmoja. Wote waliitikia kwa pamoja, naye akiwatazama midomo. Mtoto akikosea matamshi, kosa lilipita tu. Kwenye mtihani wa kuzungumza, ambapo mtoto huketi peke yake mbele ya mtahini, watoto wake wakaanza kuanguka. Mwalimu mkuu naye akaanza kuuliza kama vipindi vile havingefaa somo jingine. Niliogopa, kwa sababu darasa lile ndilo lililokuwa likimwamsha mzee yule asubuhi na kumvalisha shati la pasi.

Ndipo ikaja habari njema. Mkubwa wangu, Mjapani aliyekaa Nairobi, alikuwa amepata mwalimu msaidizi kutoka kwao, wa kuwekwa katika shule moja kwa mwaka mzima. Masikio mapya! Nikamsemea mzee wangu mpaka mate yakanikauka. Mkubwa akakubali kuja, ila akasema yeye mwenyewe ndiye atakayemuuliza mzee, uso kwa uso.

Siku ile darasa lilipendeza, kwaya tupu. Baadaye tukakaa chumba cha walimu, mwalimu mkuu yupo, walimu wenzake wapo. Mkubwa akamgeukia mzee, akasema polepole, "Mwalimu, ungependa kupata msaidizi?"

"Aa, hapana," mzee akajibu. "Nashukuru sana. Namudu."

Mimi sikushtuka hata kidogo. Huku kwetu hapana ya kwanza ni adabu tu. Ukikaribishwa chakula husema umeshiba hata kama tumbo linanguruma, mwenyeji anakushikilia, unakataa tena, anakushikilia tena, ndipo unanawa. Na Wajapani wallahi wako vivyo hivyo, hata darasani tunawafundisha watoto jambo hilo na wanafurahi kusikia kuna watu wengine kama sisi. Kwa hiyo nikatulia, nikangoja aulize mara ya pili. Mzee naye alikuwa anangoja. Nilimwona, mikono magotini, lile sikio lenye nafuu amelielekeza kwa mgeni.

Mkubwa akainamisha kichwa kwa heshima. "Hongera, mwalimu," akasema, akafunga mkoba wake.

Lo! Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningesemaje? Kumwombea mtu mzima msaada mbele ya wenzake ni kumvua nguo. Nikajikaza kisabuni, tukaondoka kwenda kula nyumbani kwa mzee. Mkewe alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mkubwa akaongezwa samaki, akakataa. Mzee akamwambia chukua, akakataa tena. Mzee akamshikilia hadi akachukua, wakacheka wote wawili kwa furaha.

Garini nikamwambia mkubwa kila kitu. Alinijibu tulipofika Kona ya Musa.

"Nilipokuja Kenya," akasema, "nilikuwa nauliza mara mbili, mara tatu, kama kwetu. Nairobi wakanicheka. Wakaniambia Mkenya akisema hapana, amesema. Ukirudia unamdharau."

"Waliokufundisha hayo hawakukuleta Pwani," nikamjibu, kwa sauti isiyomfaa mkubwa.

Hakukasirika. Akasema, basi mzee ampigie simu. Neno moja tu, na msaidizi ni wake.

Kesho yake nikarudi Msambweni mbio. Mzee alinisikiliza akinitazama midomo, kisha akatabasamu. "Mwanangu, nimpigie simu mgeni nimwombe kitu nilichokikataa mbele ya watu? Mwache. Kama anataka kweli kunipa, atauliza tena."

"Hatauliza, baba! Mficha uchi hazai!"

"Sisi tumeshazaa," akasema, akacheka. Nikataka kulia kwa hasira.

Hakupiga simu. Kila nilipomkumbusha alisema inshallah. Msaidizi akapelekwa shule moja ya bara, ambako mwalimu alisema ndiyo kabla swali halijamalizika. Muhula uliofuata vipindi vya Kijapani Msambweni vikahamishiwa somo la biashara, na mzee akaagwa kwa soda na maneno mazuri. Haukupita muda, mkubwa akaniita na mimi. Walimu wamebaki wachache mno, akasema, na mshauri wa kuwashauri hahitajiki tena. Alisema anasikitika, na naamini alisema kweli.

Nilifunga mlango wangu Mwabungo nikakaa ndani siku nyingi. Mwisho nikaenda kwa mzee, kwa sababu ndiye mtu pekee ambaye angeelewa nilichopoteza. Nilimkuta barazani, shati limepigwa pasi, hana pa kwenda. Nikatoa shikamoo. Akaniketisha karibu, akanitazama usoni.

"Na kazi je, mwanangu? Yaendelea?"

Nilikuwa nimekuja kulia, na nilikuwa na kitambaa mkononi. "Yaendelea, baba," nikasema. "Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," naye akasema, akamwita mkewe atuletee chai.

Nikakaa pale, nikangoja aniulize mara ya pili.