Gurudumu Lililotangulia Nyumbani

Iko asubuhi moja ya ukungu ambayo hainitoki, mwanangu, na jana nilipokukuta uvunguni mwa lile gari lako la zamani, mkasi mkono mmoja na kopo la soda mkono wa pili, ilinirudia yote. Acha kazi kidogo. Kaa hapa, chai ipo.

Wakati huo nilikuwa bado mke mchanga hapa mlimani, kwenye barabara ya Mbulumbulu. Babu yako alikuwa na kipanya kikuukuu, kibasi cha abiria, na beringi ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto, ilikuwa imekufa. Akashuka Karatu kutafuta nyingine. Aliyoipata ilikuwa ya gari la jina lilelile na sura ileile, ila la miaka ya karibuni. Kumbe waliounda magari hayo walikuwa wamekinenepesha kile chuma kinachobeba gurudumu, na tundu la beringi nalo likapanuka. Kwenye chuma chetu chembamba ikawa inacheza. Babu yako hakujua kushindwa. Alikata bati la kopo la soda, akalizungusha kwenye kile chuma kama mtu anavyofunga kidole kilichojikata, beringi ikatulia. Alivyojisifu, we acha tu.

Asubuhi ile tulikuwa tunampeleka mtoto wetu akaonwe na mama yangu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, hata zizi hulioni. Baba mkwe wangu, fundi wa zamani ambaye macho yalikuwa yamemchoka, akataka gari lipigwe jeki. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Gari halitoki uani kwake mpaka gurudumu lizungushwe kwa mkono, naye aguse chuma kwa ncha ya bisibisi, mpini sikioni. Akasikiliza muda mrefu.

"Nani analia humu?" akauliza.

"Hakuna anayelia, Baba. Tazama linavyozunguka."

"Linazunguka, nani amekataa? Lakini hili ni gari la zamani, mwanangu, umelivisha kiatu cha mdogo wake aliyelizidi unene. Nguo ya kuazima haisitiri maungo."

Babu yako akacheka. Mzee hakubishana naye; aliniita mimi, akanipa bisibisi. Nikainama na mtoto mgongoni. Ilikuwa sauti ya mtu anayelia amefumba mdomo, mbali, ndani ya chuma. Na mtoto, aliyekuwa amelala fofofo, akaamka akaanza kulia vilevile. Nikaogopa, nikamrudishia mzee bisibisi yake. Nikasema siendi. Mume wangu alinuna, maana mke hamwambii mumewe hivyo mbele ya baba yake, akawasha gari akaondoka peke yake.

Tukabaki langoni, mimi na mzee. Mngurumo ukapotea huko juu. Baadaye mzee akachomeka bisibisi kwenye udongo wa barabara, akalaza sikio. Kisha akasema taratibu, "Linarudi."

Sikusikia injini. Likatoka ukunguni gurudumu moja tu, limesimama wima, linashuka polepole kama mtu anayeijua njia. Mbwa wetu hakubweka. Likakata kona, likaingia uani, likalala mbele ya miguu yangu. Ndani ya tundu lake lile bati la kopo lilikuwa limejikunja.

Babu yako alifika baada ya muda mrefu, kwa miguu, tope mpaka magotini. Tulipanda naye kuliona gari. Lilikuwa limelalia ubavu wa kushoto, na jiwe limeingia mpaka kwenye kiti ambacho ningekikalia na mtoto. Yule mtoto ndiye baba yako.

Basi nisikilize. Vitu viwili vinaweza kuitwa jina moja na visiwe kitu kimoja. Kisichokaa chenyewe usikilazimishe. Nenda hata Arusha ukatafute cha gari lako lenyewe, na gari lilale uani hata mwezi, halitakula ugali wa mtu. Na mkubwa akikuambia kitu kinalia, weka sikio kwanza, utacheka baadaye. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu ninaye na majuto sina, na ninataka kufa hivyo.

Haya, nipe hilo kopo. Mungu akutangulie mlimani na bondeni, na kila safari ufike nyumbani pamoja na magurudumu yako.