Figo Hailipwi kwa Ufagio

Mwanamke yule fundi makochi, mdomo wake wote wanaujua. Akiuma misumari hasemi, na hapo ndipo majirani hupumzika. Akishaipigilia yote kwenye fremu, kaeni chonjo! Lakini jamani, ana moyo. Mdogo wake wa mwisho, anayemwita Kitinda, alipoharibikiwa figo zote mbili, fundi alimpa yake moja. Na Kitinda huyo huyo ndiye aliyemtimua nyumbani kwa marehemu mama yao, akabadilisha na kufuli. Wala hakuwa ameomba hata samahani. Marafiki walipomwambia fundi kwamba amerukwa na akili, aliwajibu, "Damu nzito kuliko maji," akaenda zake hospitali.

Kilichomchosha ni kilichofuata. Kitinda alipopata nafuu akajifanya mtumwa. Kila asubuhi fundi anamkuta mlangoni pa karakana na ufagio. Anafagia vipande vya sponji, anakwangua gundi iliyoganda sakafuni. Chakula anakula amesimama, na makochi yote yale yamejaa humo ndani! Watu wakamsifu eti ana adabu. Adabu gani? Daktari alishamkataza kubeba vitu vizito, mshono usije ukafumuka na figo ikaharibika, naye akawa anabeba mbao kila dada yake akigeuza kisogo.

Ijumaa Kuu fundi alitoka kanisani akapitia karakana kuchukua mkasi. Lahaula! Kitinda amejitwika fremu ya kochi la watu watatu, mkono mmoja ubavuni.

"Tua! Tua hapo hapo!" Akamkimbilia, wakaishusha pamoja.

"Nilitaka kesho ukute kazi imesogea, dada."

"Kazi? Nimetoa nyama ya mwili wangu uishi, wewe unaiua kwa kunishukuru?"

"Sasa nitakulipa na nini?"

"Kwani nani amekudai?"

Fundi akajisikia mwenyewe, akashtuka. Asubuhi ile ile alikuwa amepiga magoti akimwahidi Yesu kufunga zaidi na kujitolea zaidi, ili angalau astahili alichofanyiwa msalabani. Astahili! Aliyekufa kwa ajili yako ukiwa bado adui yake, utamlipa kwa kushinda njaa? Akacheka kwa sauti mpaka Kitinda akashangaa.

"Sikiliza, mdogo wangu. Yesu hakufa ili apate wafagiaji. Alitupenda sisi tukiwa tumemfungia mlango, na kazi ile akaimaliza mwenyewe. Tukitaka kumshukuru, tuishi. Na tukimkuta mwenzetu yuko nje, tumfungulie. Basi."

Kitinda akainama. "Lakini nilikufukuza kwenye mvua, dada."

Neno hilo Kitinda hakuwahi kulitamka.

"Najua," fundi akasema. "Mimi ndiye niliyelowa. Na nilikusamehe kabla sijapanda kitanda cha hospitali. Haya, kaa."

Kitinda akalia, mwanamume mzima, machozi na makamasi. Kisha akajishusha taratibu kwenye kochi jipya la mteja, akaegemea. Fundi akaenda nyumbani, ukuta wa pili tu, akarudi na sahani ya chakula. Kitinda akala chote, akamnyooshea sahani.

"Dada, niongeze."

Fundi alikwenda kumwongezea huku anaimba, maana kwa mara ya kwanza ndugu yake alikuwa amemshukuru kweli, kwa kupokea tu.