Picha Iliyobaki Ukutani

Kazi ya baba ilikuwa langoni mwa kiwanda cha shaba, hapa Lubumbashi. Mfanyakazi akiingia, anachukua ubaoni jetoni yake, kisahani chenye namba yake, akitoka, anairudisha. Asiyeingia hawezi kutoka, na hakuna mtu awezaye kuwa ndani na nje kwa wakati mmoja. Baba aliiamini sheria hiyo kuliko misa, na kila jioni alirudi nayo nyumbani.

Ndiyo maana ile filamu ya Jumapili ilimtesa. Ilikuwa ya mfululizo, kwa Kifaransa: mzungu mmoja ana mashine ya kumrudisha zamani. Kambini kwa wafanyakazi, barabara yetu nzima ilikuwa na televisheni moja, nayo ilikuwa yetu, basi majirani walijaa sebuleni mapema na baba akawatafsiria. Akitafsiri dakika mbili, anakosoa tano. "Uyu muntu anatoka mara mbili, anaingia mara moja! Jetoni yake iko wapi?" Watu walicheka mpaka machozi. Mimi, binti wa miaka kumi, nilikaa miguuni pake nikiwinda makosa. Nikiona moja kabla yake, ananipigapiga begani, nami najiona mkubwa.

Jumapili moja yule mzungu alirudi zamani akamzuia mfalme mbaya asipate kiti. Akarejea kwao, na picha ya mfalme yule yule bado imetundikwa ukutani. Baba aliruka, kidole mbele, akitaka iondolewe. "Kosa! Kama hakukalaka pa kiti, foto yake iko nafanya nini pa ukuta? Muitoshe pale!"

Hakuna aliyecheka. Juu ya televisheni yetu, kama katika kila nyumba, ilitundikwa picha ya kiongozi wa nchi, na kidole cha baba, kwa haraka yake, kilikuwa kimeielekea hiyo. Kwenye kiti chetu kizuri alikaa mkubwa wa chama wa mtaa, beji kifuani.

"Tutoshe foto gani, Citoyen?" aliuliza polepole, akimwita "raia" kama chama kilivyoagiza.

"Ya… ya ndani ya televizyo."

"Aah." Akaweka glasi chini, akaaga, filamu haijaisha.

Mwaka uliotangulia, mwalimu wa mtaa wa pili alichukuliwa na jeep kwa sababu ya utani, na hakuna aliyemwona tena. Juma lile lote niliogopa. Mama alitia sabuni na sweta ya baba kwenye mfuko, akauweka nyuma ya mlango bila kusema ni wa nini. Kila injini ikipita, tuliacha kutafuna. Jioni nilisimama barabarani kumngoja baba, na nilipoiona kofia yake nilimkimbilia.

Jumapili iliyofuata mkubwa wa chama alirudi, na mgeni mwenye miwani myeusi. "Tafsiri, Citoyen," mgeni alisema. Baba alitafsiri. Katikati ya filamu, mle ndani ya televisheni, mlango ukafunguliwa, akaingia mzee ambaye majuma mawili nyuma tulimwona akizikwa. Sebule nzima ilimgeukia baba. Baba aliendelea kutafsiri.

"Ule muzee, si alikufaka?" mgeni akauliza.

"Hapana, Citoyen. Hakuna kosa."

Mgeni akavua miwani, akaniinamia. "Na weye, mutoto? Banasema unajuaka kutafuta makosa."

Nilimtazama baba. Hakunitazama, alikuwa akiutazama ule mfuko nyuma ya mlango.

"Hakukufaka, Papa," nilimjibu mgeni. "Iko muzima."

Mgeni alicheka, akamaliza limonadi yake, wakaondoka. Mama akairudisha sweta sandukuni. Baba aliniwekea mkono begani, akanipigapiga mara mbili, kama alivyozoea nilipokuwa nimeona kosa.